Mbegu ya Mlangoni

Baba,

Shikamoo naiweka pembeni kwanza. Nitakupa mwishoni, hasira ikinipungua, na sidhani kama itapungua.

Nimekaa juu ya ndoo ya rangi niliyoigeuza, katikati ya sebule ya Mayu Holo, mama wa mtaa mzima, hapa Somanda. Sebule hii unaijua. Wewe ndiye uliyeitandika sakafu ya mninga mwezi wa mwisho wa maisha yako, mimi nikikupimia na kukukatia mbao. Sasa hakuna hata ubao mmoja. Nimezing'oa zote. Zimepangwa kwenye baraza la nyuma, nimezitenganisha kwa papi, vijiti vyembamba vya mbao, ili hewa ipite, kila moja na namba yake ya chaki. Humu ndani limebaki zege tupu na sufuria tatu zilizofunikwa kifudifudi: moja kwenye kona chini ya dirisha, moja katikati, moja mlangoni. Leo ni siku ya tatu. Jua likigusa kizingiti nitazifunua, maana ndiyo saa uliyokuwa ukizifunulia wewe. Kabla halijafika nina maneno na wewe. Kaburini nilikwenda nikashindwa kuyasema kwa sababu Mama alikuwepo, kwa hiyo nayaandika nyuma ya daftari lako la vipimo, kwenye kurasa ulizoziacha wazi.

Habari za nyumbani zitangulie. Miezi minane imepita. Mama hajambo, ila bado anamimina vikombe viwili vya chai asubuhi, halafu ananiita ninywe kimoja kana kwamba alikuwa amenikusudia mimi tangu mwanzo. Karakana iko wazi. Randa yako kubwa natumia mimi, na mpini wake nimeuzungushia kitambaa kwa sababu unanichubua. Kaburi tumelijengea. Baba mdogo Shija alitaka zege limwagwe asubuhi na jioni watu wawe wanapiga picha. Nikamkatalia mbele ya wazee, nikalifunika magunia na kulimwagilia maji siku saba. Limetoka vizuri, halina ufa. Kwa hiyo kaburi lako, Baba, limefanyiwa kazi kwa uangalifu kuliko sakafu ya Mayu Holo. Hilo linanichoma kila nikipita pale.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, Mayu Holo alinipigia simu. Alisema tu, "Minza, njoo uone kazi ya baba yako." Nilipofika, mlango ulifunguka nusu ukakwama. Ubao wa kwanza ulikuwa umeinuka, umeushika mlango kwa chini. Nikaingia kwa ubavu. Katikati ya sebule sakafu ilikuwa imeota nundu kama ya fahali. Ukiikanyaga inabonyea na kulia. Mbao za ukutani zilikuwa zimekunja kingo, skating ya chini ya ukuta imebanduka, misumari imechungulia. Na Mayu Holo mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kochi, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Alijikwaa kwenye ile nundu akitoka chumbani. Mkunga aliyezalisha nusu ya mji huu, aliyenipokea na mimi kwa mkono huohuo, alivunjika mkono kwenye sakafu yetu.

Unakumbuka kwa nini alitaka mbao? Magoti. Alikueleza mbele yangu kwamba saruji inamtia baridi mpaka kwenye mfupa, kwamba asubuhi anaogopa kushusha miguu kitandani. Nawe, na kikombe cha chai mkononi, ukamwambia, "Mayu, nitakutandikia kitu utakachotembelea pekupeku mpaka uzeeke vizuri." Alicheka sana siku ile. Nilijivuna kuwa mwanao.

Mtaa ulikuwa umeshahukumu kabla sijafika. "Mzee Masanja angekuwa hai haya yasingetokea." "Mzee alikuwa mgonjwa, binti ndiye aliyetandika." Hiyo ya pili niliisikia dukani, nimesimama nyuma ya msemaji na pakiti ya chumvi mkononi. Mtoto wa Mayu alikuwa ameshaleta fundi kutoka Mwanza, mtu wa suruali yenye mifuko mingi. Akagonga sakafu kwa kisigino, akauliza nani kaitandika, akaonyeshwa mimi. Alinitazama kuanzia kilemba hadi ndala, akacheka puani. "Ng'oa, piga marumaru, mambo yaishe." Mayu Holo akamwambia asubiri. Alitaka kwanza kujua kwa nini imevimba. Kisha akanigeukia na kusema nina muda mpaka mvua za vuli. Zege likikauka nitatandika upya, lisipokauka fundi wa Mwanza ataweka marumaru, na hapo yeye na nyumba yetu tutakuwa tumemalizana.

Hapo ndipo uliponiacha nimesimama. Ya Mayu Holo ikinishinda, hakuna mtu Bariadi hii atakayeniita fundi. Watanipa viti vya kugongea misumari na meza za kupaka vanishi, na kila nikipita watasema yule ndiye aliyemvunja bibi wa watu mkono.

Sababu niliijua siku hiyohiyo, nilipoinua ubao wa kwanza kwa mtaimbo. Upande wa chini ulikuwa mweusi na umeota ukungu. Chini ya nailoni tuliyoitandaza juu ya zege maji yalikuwa yamesimama matone matone, yamepanda kwenye maungio na kwenye kila tundu la msumari. Zege lilikuwa bichi, Baba. Tulitandika mninga mkavu juu ya zege bichi. Kosa la fundi wa wiki moja. Na wewe ulilipima. Nilikuona kwa macho yangu ukilipima.

Ndiyo maana nataka tuongee kuhusu mbegu.

Daftari hili likiokotwa na mtu mwingine, naye aelewe. Kabla ya kushika randa ulikuwa karani wa kununua pamba Mwandoya. Kulikuwa na wakulima wanaoimwagia pamba maji ili iwe nzito kwenye mizani, na wewe ulikuwa ukichomoa kidogo katikati ya gunia, unaitia mdomoni, unang'ata mbegu. Mbegu kavu inavunjika kwa sauti, kata! Mbegu iliyolowa inabonyea tu kimyakimya. Walikuogopa wewe kuliko mizani. Ulipoacha ukarani na kujifunza useremala, ukaja na ujuzi wako wa mdomoni. Sijamsikia fundi mwingine popote anayepima zege kwa pamba. Unaanika pamba juani mpaka mbegu ilie, unaiweka juu ya zege, unaifunika kwa sufuria, unaziba ukingo kwa nta ya nyuki. Siku tatu. Zege kama lina maji yatapanda, pamba itayanywa, na mbegu haitavunjika. Kona, katikati, mlangoni. Zikilia zote tatu ndipo ulipokuwa ukisema, "Kavu," nasi tunaingiza mbao.

Miaka kumi na moja nimefanya kazi na wewe. Nimeanika pamba. Nimeziba nta. Nimefunua sufuria. Nimejifunza kulaza mbao chumbani wiki mbili zizoee hewa ya nyumba, kuacha nafasi ya kidole ukutani ili mbao zipate pa kutanukia, kupishanisha maungio yasilingane. Kila kitu ulinipa. Mbegu hukunipa. Kila nilipoinyooshea mkono ulinipiga kofi dogo la kiganja, ukacheka, ukasema, "Bado, ng'wanawane." Bado, mwanangu. Nilipokuwa na miaka ishirini ilinifurahisha. Nilipofika thelathini na moja nikiwa bado naambiwa bado, ilianza kuniuma, nikanyamaza kwa adabu. Hiyo adabu nayo naijutia.

Sasa nikukumbushe siku yenyewe, maana najua ungependa kuisahau.

Ilikuwa Januari. Zege la humu lilimwagwa Desemba, mvua zikiwa zinanyesha, nje kukiwa na udongo wetu huu mweusi wa mbuga usiojua kuachia maji. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba zege linataka mwezi mzima kwa kila inchi, na hili lina inchi nne. Nilikuambia njiani kwamba ni mapema. Ukajibu kwamba pamba ndiyo itakayosema, siyo kalenda. Ulikuwa umekonda. Sukari ilikuwa imekula mashavu yako, na ulipumzika mara mbili kati ya geti na mlango. Tulipofunua sufuria, niliona pale mlangoni zege lina duara la rangi nyingine, jeusi kidogo, na nikakuonyesha kwa kidole. Ukasema ni kivuli.

Ukachukua mbegu ya kona. Ukanigeuzia mgongo, ukatazama dirishani. Taya lako likasogea. "Kavu." Ukaenda katikati. "Kavu." Ukaja mlangoni. "Kavu, lete mbao."

Sikusikia sauti, Baba. Sikusikia hata moja. Miaka kumi na moja nimezisikia mbegu zikivunjika kinywani mwako, ningeweza kuzisikia nikiwa barabarani. Siku ile sebule ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kuku wa Mayu wakiparua nje. Nikajiambia labda masikio yangu. Nikajiambia mzee anaumwa, hang'ati kwa nguvu. Nikaenda kuleta mbao. Sehemu hiyo ni yangu na siwezi kuitupia kwako, lakini usidhani inakupunguzia kitu.

Ulitandika kama mtu anayekimbizwa. Ulinikataza kukusaidia kugonga. Ulipiga magoti siku tisa, jasho linakudondoka kwenye mninga, na ulipomaliza ubao wa mwisho uliukalia ukanyoosha miguu, ukasema hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Ilikuwa nzuri kweli. Watu walikuja kuipiga picha. Baada ya wiki tatu tulikuzika, na mchungaji akaitaja sakafu hiyo kwenye mahubiri.

Baada ya kuona maji chini ya nailoni nilikwenda Malampaka kwa Baba mdogo Shija. Sikujua naenda kutafuta nini. Nilitaka tu mtu aliyekujua kabla yangu aniambie kwamba umewahi kukosea, ili nikusamehe kosa la kawaida. Nikamsimulia habari ya mbegu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. Akasema, "Minza, ni mimi niliyemwosha kaka. Hakuwa na gego hata moja. Juu wala chini."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Akaongeza kwamba katika mwaka wako wa mwisho ulipita kwake mara mbili ukitoka hospitali, shavu limevimba, ukamwapisha asituambie. Sukari ilikulegeza magego, wakang'oa moja moja mpaka yakaisha. Sisi nyumbani ulituambia umekwenda Maswa kutazama mbao.

Nikiwa nimekaa pale kwenye kigoda cha Baba mdogo nikaanza kukumbuka mambo ya kijinga. Michembe. Wewe uliyekuwa ukitafuna michembe mikavu kazini kutwa nzima, mfuko wa shati umejaa vipande vya viazi vigumu kama mawe, ukaanza kuiloweka kwenye chai. Ulisema hivyo ina utamu zaidi. Nikakutania kwamba umekuwa mtoto wa mjini. Ukacheka mdomo umefumba. Mahindi ya kuchoma ulikuwa ukiyapukuchua na kuwapa watoto wa jirani punje zote, nami nikakuona mkarimu. Karanga ulisema zinakupa kiungulia. Tulikula pamoja kila siku, sahani moja, na hukuniambia.

Basi nilichokasirikia nikiseme hapa kama kilivyo. Sikukasirika kwa sababu uliumwa. Sikukasirika kwa sababu meno yalitoka. Meno ni ya kila mtu. Nimekasirika kwa sababu mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako, nina magego yangu yote, nina miaka kumi na moja ya kusubiri. Ungenyoosha mkono tu. Ungesema, "Ng'ata wewe." Hata usingehitaji kueleza. Ungeweza hata kudanganya, ungesema leo ndiyo siku niliyokuahidi, nami ningelia kwa furaha, ningeng'ata, ningekuambia mbichi, tungesubiri mpaka kiangazi, na Mayu Holo angekuwa na mkono mzima. Lakini ulichagua kutia mbegu mdomoni pasipo na kitu cha kuing'atia na kutaja neno ambalo watu wa hapa wanaliamini kuliko hati ya serikali. Mbele yangu! Ulinifanya nibebe mbao za uongo wako kwa bega langu.

Nilipotoka Malampaka nilikuwa na shida nyingine. Mayu Holo alitaka sababu. Nikisema ni mimi niliyeharakisha, jina lako linabaki safi na langu linakwisha. Nikisema ni wewe, nimemvua nguo baba yangu aliyekufa. Umewahi kumfikiria mtoto wako akikaa na mzigo huo siku nne bila kula vizuri? Mama aliniuliza nina nini, nikamwambia ni tumbo.

Siku ya tano nilipiga magoti mbele ya Mayu Holo, hapo kwenye nundu, nikamweleza yote. Magego, dirisha, duara jeusi, ukimya wangu. Nilidhani atalia au atakutetea, maana mlikuwa mnaheshimiana. Alikasirika kuliko mimi. Alisema alipokuwa kazini macho yalianza kumpa ukungu, na siku alipoona uzi umekuwa nyuzi mbili aliweka sindano chini, akamwita mkunga mwenzake, akamwambia, "Shona wewe, mimi sioni." Mbele ya mgonjwa. Akasema iliuma wiki moja, halafu ikaisha. "Masanja angeweza kusema," akaniambia. "Kilichomkwaza nini? Kinywa kilikuwa bado kinaongea." Akaniambia niing'oe mwenyewe na nitandike mwenyewe, na watu wakiniuliza nisiseme uongo.

Watu waliuliza. Nilikwepa kwepa mwezi mzima. Halafu Jumapili moja, tumetoka kanisani, mwenye kiwanja cha matofali akaniambia kwa sauti, mbele ya kila mtu, kwamba nilipaswa kusubiri baba apone kabla ya kuchezea kazi yake. Nikamjibu kwa sauti hiyohiyo, "Baba yangu hakuwa na magego, na siku moja alikuwa mwongo. Siku nyingine zote alikuwa fundi. Na hiyo siku moja mimi nilinyamaza." Mama alikuwa hatua chache nyuma yangu. Alipomimina chai siku iliyofuata, alimimina kikombe kimoja tu, akanywa mwenyewe. Ilichukua wiki mbili kunisamehe, na mwishowe akanong'ona kwamba na yeye alikuwa ameona michembe.

Kwa hiyo nimeng'oa. Niling'oa taratibu ubao mmoja mmoja, mkono ukipita mahali ulipogonga wewe, na kila msumari uliotoka ulinikera kwa jinsi ulivyokuwa umenyooka. Kazi nzuri hivyo, juu ya maji! Mbao nyingi zimepona. Zilizopinda sana nimetenga za kutengenezea viti. Nimechimba mfereji kuzunguka nyumba, maana maji ya ile mbuga yalikuwa yakituama hapo mlangoni. Nimeacha madirisha wazi kiangazi chote. Mayu Holo amekuwa akiishi chumbani na jikoni miezi yote hiyo, anavuka zege na soksi mbili kila mguu, na hajaninung'unikia. Afadhali angeninung'unikia.

Mwezi wa saba niling'ata kwa mara ya kwanza. Nilifunga mlango kwanza, kwa aibu. Sikujua niing'atie upande gani. Mbegu ilibonyea ikaacha ladha ya majani mabichi, zote tatu, nikatema. Mwezi wa nane ya kona ililia kidogo. Sasa ni Oktoba. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Serengeti, na fundi wa Mwanza amepiga simu mara mbili kuuliza kama aje na marumaru yake. Mayu amemwambia atamjibu leo.

Jua limegusa kizingiti. Ngoja.

Nimerudi.

Ya kona imelia. Kata! Sauti ileile, Baba, ila safari hii ilikuwa ndani ya kichwa changu mwenyewe, na nilikaribia kukuita. Ya katikati imelia pia, kwa nguvu zaidi. Mayu Holo alikuwa jikoni akisonga ugali kwa mkono wa kushoto, mwiko ukasimama. Alikuwa akihesabu. Nikaenda mlangoni, nikakwangua nta, nikafunua. Zege lilikuwa na rangi moja, halina duara. Nikachukua mbegu, nikaiweka kwenye gego la mwisho, nikang'ata.

Haikulia.

Haikubonyea yote kama zile za mwezi wa saba. Ilijikunja tu kidogo, ikapasuka bila sauti. Ni kama mwezi mmoja zaidi, labda wiki sita. Kidogo sana, Baba. Mtu mwingine asingejua. Na nilikuwa nimesimama palepale uliposimama, uso umeelekea nje, mgongo umeelekea jikoni, mawingu nayaona kwa macho, na lile neno lilinijia lenyewe. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kavu. Silabi mbili tu. Mbao zipo barazani, mikono yangu iko tayari, mtaa mzima unangoja kuniona nikishindwa, na mimi nilikuwa na hamu ya kulisema neno hilo kuliko hamu yoyote niliyowahi kuwa nayo.

Kwa hiyo sasa najua ulikuwa unasikia nini siku ile. Nilikuwa sitaki kujua. Nilikuja hapa asubuhi nikitaka kukukasirikia kwa raha zangu, na wewe umenivizia mlangoni.

Mayu akaita kutoka jikoni, "Vipi?"

Nikageuka nikaitazama jikoni ili asikie vizuri. "Ya mlangoni mbichi, Mayu."

Nikasikia mwiko ukianza tena kugonga sufuria. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na ugali wake, kwamba basi tujenge kibaraza hapo mlangoni mvua zisipige, na mbao zikae zilipo, na yeye soksi anazo za kutosha. Fundi wa Mwanza, yeye Mayu mwenyewe atampigia amwambie asije. Halafu akaniita nikale.

Nakwenda kula, Baba. Nakuaga hapa.

Nakuahidi kitu kimoja, na sikuahidi kwa upole. Sakafu hii nitaitandika zege likisema, na Mayu Holo ataikanyaga pekupeku kama ulivyomwambia. Na siku nitakapoona gego langu linalegea, hata kama ni moja, nitamwita aliye karibu nami, mbele ya mwenye nyumba, mbele ya mtaa, nitamwekea mbegu kiganjani na kumwambia, "Ng'ata wewe, mimi siwezi." Sitamwambia bado.

Hasira haijapungua. Nitakuja nayo kaburini Jumapili, pamoja na Mama, na safari hii nitaongea.

Shikamoo, Baba.

Mwanao,
Minza